Mpuliza Kuku

Kaka yangu Hezekiah hupenda kusema kwamba mimi nilizaliwa na hasira. Sawa. Nilizaliwa nayo, nikasoma nayo, nikaolewa nayo, na mwaka huu nimepata mahali pa kuitumia. Sitaipunguza eti kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa na ndiye aliyenilea baada ya baba kufa. Mtu anaweza kukulea vizuri na bado akakukosea vibaya.

Mume wangu anaitwa Waithaka, na kazi yake ilikuwa kupuliza kuku. Nikisema hivyo mbele ya watu wa Nairobi wanacheka, kwa hivyo acha nieleze. Kuku wa kienyeji huwezi kumjua kwa kumtazama tu, maana manyoya yanaficha mengi. Unamshika miguu, unamgeuza kichwa chini, unamsogeza karibu na uso, halafu unapuliza kifuani na chini ya mkia mpaka manyoya yaachane. Hapo unaiona ngozi. Ikiwa ya manjano, kuku ana mafuta. Ikiwa ya kijivu, amekonda. Ikiwa nyekundu, ana homa, na kama ana chawa utawaona wakikimbia. Kila mama sokoni anajua kupuliza kuku mmoja au wawili kabla ya kununua. Waithaka alikuwa akipuliza mia kwa siku.

Alikuwa na kifua cha ajabu. Ujanani alipiga tarumbeta kwenye Boys Brigade ya kanisa letu kule Subukia, na nisidanganye, hiyo tarumbeta ndiyo iliyoniponza. Wanunuzi wa kuku walimwita Pampu. Makokha, ambaye hupelekea mahoteli ya Nakuru, hakuwa anapakia kuku hata mmoja kwenye pikapu yake kabla Pampu hajampuliza. Nyumbani kwetu ni Kiamunyi, ambako nina cherehani mbili na nashona yunifomu za shule, lakini kila asubuhi Waithaka alienda Subukia, kwenye lile shamba la baba, kuwaangalia kuku elfu moja wa Hezekiah.

Jumatatu moja mwezi wa nne, mvua ikiwa haijakatika tangu alfajiri, alirudi amechoka kuliko kawaida. Akaniambia amepuliza kuku mia tatu kabla ya chakula cha mchana, ndani ya banda, mapazia yakiwa yameteremshwa kuzuia mvua. Nikamuuliza haraka ilikuwa ya nini. Akasema Baba Kimberly, yaani Hezekiah, alitaka wachambuliwe upesi. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la manyoya. Nikampa maji ya kuoga, nikampa uji, nikarudi kwenye cherehani yangu, na sikuuliza zaidi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Alhamisi akashikwa na homa. Zahanati ya jirani ikampima malaria, hakuna, ikampa vidonge vya kifua na kumwambia apumzike. Kitu kimoja nilikiona nikashangaa: hakuwa na mafua. Pua kavu, koo haliumi, chafya hakuna. Homa tu, na pumzi inayopungua. Ijumaa alipumzika mara mbili kati ya kitanda na choo. Jumamosi alishindwa kumaliza sentensi. Alikuwa anasema "Mama Jackie," anasimama, anatafuta hewa, halafu ndipo anaomba maji. Huyu ni mtu aliyekuwa akishika noti moja ya tarumbeta mpaka kanisa zima linageuka kumtazama.

Jumapili nikampeleka hospitali kubwa ya mjini.

Tulimkuta daktari mmoja mwanamke, Jepkemboi, mdogo kwa umri na mkavu kwa maneno. Nilimpenda papo hapo. Alimwekea Waithaka oksijeni, akamwingiza kijiti puani kuchukua kipimo cha homa ya mafua, na kipimo kikarudi kikisema hana. Ndipo akauliza kama mgonjwa hukaa karibu na kuku, bata, au ndege wowote. Hezekiah alikuwa amefika kutoka kanisani, bado amevaa suti. Kabla sijafungua mdomo, alijibu yeye. Alisema kuku wapo, ni wake, na ni wazima kabisa, amewaona asubuhi hiyohiyo. Halafu akanitazama.

Mimi nikatikisa kichwa kukubali. Sikuwa najua lolote kuhusu hali ya wale kuku. Nilikubali kwa sababu miaka thelathini nimekuwa nikikubali anachosema Hezekiah mbele ya watu, kisha namgombeza tukiwa wawili. Waithaka, kitandani, alifumba macho. Nilidhani ni uchovu.

Kufika Jumatatu asubuhi oksijeni ya puani ilikuwa haitoshi tena. Walimpa dawa ya usingizi, wakamwingiza mpira kooni, mashine ikaanza kupumua kwa niaba yake. Daktari Jepkemboi akaniita nione picha ya kifua. Mapafu yenye hewa, alisema, huonekana meusi. Ya Waithaka yalikuwa meupe kuanzia chini kupanda juu. Dawa alizompa tangu jana zilikuwa hazijasaidia kitu.

"Nataka uniambie anachofanya na hao kuku," alisema. "Si kwamba anawalisha. Anafanya nini kwa mikono yake."

Nikamwambia anawapuliza. Hakuelewa, kwao ni Bomet na labda huko hawapulizi, kwa hivyo nikamwonyesha, nikishika kuku wa hewani kwa miguu mbele ya uso wangu. Aliweka kalamu chini.

"Kabla ya kupuliza anavuta pumzi?"

"Daktari, utapulizaje bila kuvuta?"

Hapo ndipo akanieleza, na ninayakumbuka maneno yake kwa sababu sijawahi kusikiliza mtu hivyo maishani. Kirusi, alisema, hakiwezi kufanya chochote mpaka kipate mahali pa kujishikiza kwenye seli. Kile cha mafua ya binadamu hupata vishikizo vyake puani na kooni, ndiyo maana tunapiga chafya na kuambukizana. Cha mafua ya ndege kinataka vishikizo vya namna nyingine, vile walivyonavyo kuku na bata. Puani mwetu karibu havipo. Lakini tunavyo, ndani kabisa, kwenye vile vifuko vidogo mwisho wa mapafu ambako hewa inaingia kwenye damu. Mtu anayepita tu karibu na banda, mara nyingi kirusi kinaishia puani na hakimfanyi kitu. Ili kifike chini kule lazima kibebwe na pumzi ndefu.

Pumzi ndefu. Mia tatu, mfululizo, pua ikiwa ndani ya manyoya, na mapazia yameteremshwa.

"Kwa hivyo kile kipimo cha pua kilidanganya," nikasema.

"Hakikudanganya. Sisi tulimtafuta mgeni sebuleni, na yeye yuko jikoni."

Akaendelea. Kirusi kikishajishikiza kinaingia ndani ya seli na kuifanya itengeneze virusi vingine, maelfu, mpaka seli inakufa. Mwili nao unakasirika. Unatuma askari wake wote kwa pamoja, na vile vifuko vinajaa maji na uchafu wa vita mahali palipokuwa pa hewa. Mapafu ya Waithaka yalikuwa na nguvu za kuvuta, lakini hewa haikuwa na pa kupitia. Nilimuuliza kwa nini mimi sijashikwa na ninalala naye kitanda kimoja. Akasema ni kwa sababu hiyohiyo, kirusi kiko chini mno, hakitoki kirahisi, ila yeye hatabahatisha. Akanipa vidonge na maski, akaniambia nisiguse ndege yeyote.

Kisha akaniambia tatizo lenyewe. Kupitia ule mpira angetoa makohozi ya chini kabisa ayapeleke maabara, lakini majibu yangechukua siku kadhaa. Dawa yenyewe ya kirusi ilitakiwa siku hiyo, maana kadiri inavyochelewa ndivyo inavyokosa kazi. Vile vidonge vichache vya kinga vilivyokuwepo visingemtosha mgonjwa wa mashine. Dozi kamili iliwekwa kwingine, na wanaoitoa wangeuliza kuku gani, wa nani, wamekufa wangapi.

"Nimempigia kaka yako mara mbili," alisema. "Anasema hakuna hata mmoja aliyekufa. Bila kuku wagonjwa, mimi hapa nina nimonia ya kawaida."

Nilitaka kumuuliza Waithaka mwenyewe. Alikuwa amelala na mpira mdomoni, kifua kinapanda na kushuka kwa mwendo wa mashine. Nikampigia Hezekiah kutoka koridoni. Aliniambia nisimharibie jina, kwamba madaktari wa siku hizi wanapenda kutisha watu, na kwamba hana muda, Makokha anakuja adhuhuri kuchukua kuku wote.

Wote. Hakuna mfugaji anayeuza kuku wote kwa siku moja, kuanzia mitetea wanaotaga mpaka jogoo wa mbegu. Nilikata simu nikaondoka vile nilivyokuwa, na maski ya hospitali usoni.

Nilipofika Subukia nilinusa manyoya yaliyoungua kabla sijaona kitu. Nyuma ya nyumba, karibu na bwawa ambako bata wa mwituni hutua msimu wa mvua, palikuwa na shimo jipya lililofukiwa, udongo wake bado mwekundu. Mbele ya banda ilikuwa pikapu ya Makokha, vizimba viko wazi. Na mlangoni mwa banda alisimama kaka yangu, kuku mkononi.

Alikuwa amevaa maski.

Maski nyeupe, nzuri, imebanwa puani barabara. Glavu za mpira mpaka kwenye kiwiko. Niliitambua ile maski. Wakati wa korona kanisa lilimkabidhi maboksi ya kuwagawia waumini, na moja likabaki kwake. Yaani alijua. Alijua vya kutosha kujifunika yeye mwenyewe, na boksi zima likiwa ndani ya nyumba, lakini Waithaka alimtuma kwenye banda lililofungwa akiwa uso mtupu. Kama ningekuwa na jembe mkononi siku ile, leo ningekuwa naandika haya nikiwa gerezani.

Makokha alikuwa anamuuliza Pampu ako wapi. Hezekiah alimwambia amesafiri kidogo, na kwamba kuku hawahitaji kupulizwa leo, wanajulikana.

"Baba Kimberly," nikasema. "Mnunuzi anataka kuku wapulizwe."

Alishtuka. Akaniambia niende nyumbani kwa mkewe nikanywe chai, tutaongea.

"Chai baadaye. Toa hiyo maski umpulizie Makokha huyo kuku. Mmoja tu."

"Tabby, usianze."

"Si ni wazima? Wewe umeniambia ni wazima, umemwambia daktari ni wazima. Shika miguu, geuza kichwa chini, vuta pumzi, puliza. Ni kazi ya dakika moja. Waithaka amefanya mara mia tatu."

Hakusogea. Yule kuku alikuwa amelegea mkononi mwake, upanga wake mwekundu wa kichwani umekuwa wa zambarau. Makokha alimtazama kuku, akamtazama Hezekiah, kisha akaanza kufunga vizimba vyake kimoja kimoja. Kaka yangu aliinua mkono wa kushoto mpaka kwenye maski, na kwa muda kidogo nilidhani ataitoa. Badala yake aliibana zaidi.

"Walikufa wangapi?" nikamuuliza.

Akamrudisha yule kuku bandani.

"Mume wangu amewekwa mashine, Baba Kimberly. Anapumuliwa. Walikufa wangapi?"

"Mia na kumi," akasema. "Mia na kumi hadi jana."

"Walianza lini?"

"Jumamosi ile." Alikuwa anaongea akitazama gumbuti zake za mpira. "Nilidhani ni Nyukaso. Nilidhani ni ule ugonjwa wa kuku wa kila mwaka."

Jumamosi ile. Siku mbili kabla Waithaka hajawapuliza wale mia tatu. Niliinua mkono, nikamwonyesha simu. Daktari Jepkemboi alikuwa kwenye laini tangu niliposhuka langoni. Alimuuliza jina lake kamili, akamuuliza idadi tena, akamuuliza kuhusu vichwa kuvimba na kinyesi cha kijani, na kaka yangu akajibu yote, kwa adabu, vile anavyojibu maswali kwenye mkutano wa kanisa.

Dawa ilifika hospitali kabla jua halijazama. Siku tatu baadaye maabara ikathibitisha. Ni kirusi cha ndege, kutoka chini kabisa ya pafu. Madaktari wa mifugo walikuja Subukia na nguo nyeupe za mwili mzima wakawaua kuku wote waliobaki, wa Hezekiah na wa majirani. Majirani wengine hawanisalimii mpaka leo. Wananiona mimi ndiye niliyewaletea hayo, si yeye. Mama mmoja alinitukana kwenye simu kwa ajili ya majogoo wake wawili. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikamwambia angempa mumewe awapulize siku nzima aone kama kuna raha.

Waithaka alikaa kwenye mashine siku kumi na saba. Alipoweza kuongea tena, kidogo kidogo, ndipo nikajua yaliyobaki. Hezekiah alimwambia kuna ugonjwa umeingia, na kwamba awapulize wote ili ajue wagonjwa ni nani. Wenye ngozi nzuri wauzwe upesi kabla hawajafa. Na Waithaka aliamini, maana hiyo ndiyo kazi yake, ngozi humwambia kila kitu. Hakuna aliyemwambia kwamba kuku anaweza kuwa na ngozi ya manjano safi leo, amejaa virusi mpaka kwenye manyoya, na kesho akaanguka. Alitumia pumzi yake kuutafuta ugonjwa, na hivyo ndivyo alivyoupata.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema shemeji alimwomba asiniambie, eti ninajua kupiga kelele. Na kwetu mwanamume habishani na yule aliyempa mke. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, halafu nikarudi nikamkata kucha.

Alirudi Kiamunyi mwezi wa sita. Daktari alisema makovu yaliyo ndani hayatatoka. Anatembea hadi langoni na kurudi. Tarumbeta iko juu ya kabati, na Jackie, binti yetu, ameifunika kwa kitambaa bila kuambiwa.

Wiki iliyopita Hezekiah alikuja. Peke yake, bila suti. Alikuwa hajawahi kuja tangu siku ile ya banda. Waithaka, ambaye Mungu alimnyima hasira akanipa mimi yote, alimkaribisha kwa furaha na kumuuliza habari ya mahindi. Hezekiah alianza maneno marefu ya kuomba msamaha, yenye aya za Biblia ndani yake. Nikamwacha aongee. Nilienda jikoni nikaleta chai kama mtu yeyote anavyofanyia mgeni, chai ya maziwa, ya moto sana, nikawawekea kila mmoja kikombe chake.

Waithaka alikishika chake kwa mikono miwili. Mvuke ulimpanda usoni. Akavuta pumzi, akakaza midomo, akapuliza, na mvuke haukuyumba hata kidogo. Akajaribu tena. Kikohozi kikaja, kile kikavu cha siku hizi, chai ikamwagika kwenye goti lake. Hezekiah aliacha maneno yake katikati ya aya. Alitazama kile kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba nikaona midomo yake inacheza.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga tangu mwezi wa nne, nikiwa kwenye cherehani, nikiwa koridoni, nikiwa naosha shuka. Sikuyasema.

"Mpulizie," nilimwambia.

Akainuka, akapiga magoti mbele ya kiti cha mume wangu, akakichukua kikombe. Akapuliza. Waithaka akangoja, akionja kidogo kidogo na kutikisa kichwa kwamba bado. Nilisimama pale mlangoni, mikono kifuani, na kila kaka yangu alipotaka kupumzika nilimwambia aendelee.